Akiguna, Usimnyanyue Kwanza

Juzi nililala kwa mdogo wangu, mwanawe ana siku 12. Usiku kucha ni mchezo mmoja: mtoto anaguna, baba anaruka, taa inawaka, mtoto anaamka, kilio. Mara tano! Nyinyi mliotoka leba majuzi, hebu nisikilizeni.

1. Chafya si mafua, anasafisha pua. Kwikwi nazo huisha zenyewe.

2. Akirusha mikono kama anayeanguka mtini, ni mshtuko wa kawaida, unaondoka kwenye miezi 4 hadi 6. Wangu alikuwa akishtuliwa na chafya yake mwenyewe, kisha ananikodolea macho kana kwamba nimemfokea. Nilikuwa namwomba radhi.

3. Macho kupishana wiki za mwanzo kusikutie hofu. Anaona vizuri sentimita 20 hadi 30 tu, basi msogezee uso.

4. Kuguna usingizini. Hapa nina la kukiri. Karibu nusu ya usingizi wa kichanga ni mwepesi: anaguna, anajinyonganyonga, uso unamwiva, anatabasamu, hata analia kidogo, na bado amelala. Sikulijua hilo. Kwa mzaliwa wetu wa kwanza, kila mguno nilimnyanyua nikampeleka kwa mama yake, nikiamini ndio ubaba. Mama, mshono bado mbichi, anajikongoja kukaa, anatoa ziwa. Mtoto anavuta mara mbili tatu, anasinzia. Nusu saa haijapita, narudi naye. Wiki tatu nzima. Usiku mmoja nikamkuta mke wangu ameketi analia bila sauti, mtoto mapajani amelala fofofo. Akasema, "Mume wangu, hakuwa ameamka. Umemwamsha wewe." Maneno hayo yananichoma mpaka leo. Nilimnyima usingizi aliyeuhitaji kuliko sote, na ndugu wote wakinisifu kwa kukesha.

Kwa hiyo subiri dakika moja, umtazame. Mwenye njaa hufungua macho, hugeuza kichwa akitafuta ziwa, hujilamba, hula ngumi. Huyo mpe, hata mara 12 kwa siku. Na kama hajarudia uzito aliozaliwa nao, mwamshe anyonye. Hilo ni jambo jingine.

5. Pumzi. Atapumua mbiombio, atasita sekunde 5 hadi 10, kisha ataendelea. Ni kawaida. Lakini akisita hadi sekunde 20, midomo ikiwa ya buluu, mbavu zikibonyea ndani, au joto likifika 38, usingoje asubuhi, hospitali.

Usiku uliofuata nilikaa na mdogo wangu gizani, nimemshika mkono usifike kwenye swichi. Mtoto akaguna, akajinyoosha, akakunja uso kama mzee aliyedaiwa, akajamba kwa kishindo. Kimya.

"Kaka," akaninong'oneza, "amelala tena?"

Hakuwa ameamka, nikamwambia.