Miguu inawaka moto, vipimo havionyeshi kitu

SWALI: Salaam kwenu madaktari. Nina miaka 47, nalima viazi Makete. Tangu mwaka jana nyayo zinawaka moto usiku na vidole vimekufa ganzi. Ndala ikinivuka njiani sisikii. Sasa ganzi imefika karibu na magoti na kwenye ncha za vidole vya mikono. Nimepimwa malaria, taifodi na mkojo, vyote safi. Nikaambiwa ni mawazo, nikachomwa sindano za diklofenaki. Mwanangu anataka nikapige siti skani ya kichwa Mbeya. Nifanyeje?

JIBU: Pole sana, mama. Fedha ya siti skani ibaki nyumbani kwanza. Kipimo hicho kinaonyesha ubongo, na ganzi inayoanzia vidole vya miguu yote miwili, ikapanda taratibu ndipo ikagusa mikono, kwa kawaida haitoki kichwani. Inatoka kwenye mishipa ya fahamu yenyewe: iliyo mirefu huumia kwanza, ndiyo maana nyayo hutangulia. Malaria, taifodi na mkojo ulivipima kana kwamba una homa. Mishipa yako bado haijapimwa na mtu.

Ukifika hospitali ya wilaya, vua soksi na uombe miguu ichunguzwe: mganga aguse kwa pamba na kwa ncha ya kijiti, aweke chuma kinachotetema juu ya dole gumba, agonge kano ya kisigino kwa kinyundo. Ni dakika chache tu, na inasikitisha jinsi zinavyorukwa.

Kwenye damu, anza na sukari. Ukiwa hujala kwa saa 8 au zaidi, kiwango cha milimoli 7.0 kwa lita na kuendelea, kikijirudia siku nyingine, ni kisukari. Kisha VVU, kaswende, picha kamili ya damu, figo na tezi ya shingo. Damu ya kupima vitamini B12 itolewe kabla hujaanza sindano au vidonge vya vitamini, kwa sababu ukishavitumia kiwango hupanda na upungufu wa awali hauonekani tena. Aliyezoea ugali na mboga bila nyama, mayai wala maziwa, au aliyemeza metfomini, dawa ya kisukari, kwa miaka, hupungukiwa B12 kwa urahisi.

Beba maganda ya dawa zote ulizotumia, za kienyeji nazo. Aizoniazidi ya kifua kikuu bila vitamini B6 huharibu mishipa hii hii. Na B6 yenyewe ikimezwa kwa wingi miezi mingi huiharibu pia. Kama unakunywa ulanzi au komoni, taja kiasi na miaka bila aibu. Mwonyeshe mganga baka lolote la ngozi lisilohisi mguso: ukoma bado upo nchini, na dawa zake ni bure.

Ukiambiwa tena ni mawazo, uliza kwa upole: “Ni magonjwa gani tumeyaondoa, na kwa kipimo gani?” Jibu liandikwe kwenye daftari lako, kisha uombe barua ya rufaa kwenda hospitali ya mkoa. Wapo ambao chanzo hakipatikani hata baada ya vipimo vyote, lakini maumivu yao ni ya kweli na yana dawa. Amitriptilini, mara nyingi kuanzia miligramu 10 hadi 25 usiku, hutuliza mishipa. Diklofenaki haisaidii sana maumivu ya aina hii, na ikizoeleka huumiza tumbo na figo. Amitriptilini lazima uandikiwe, hasa ukiwa na tatizo la moyo.

Tunaihofia baridi yenu ya Juni na Julai. Mguu wenye ganzi haujui moto: usiusogeze kwenye jiko la mkaa, maji ya beseni yapime kwa kiwiko, kagua nyayo kila jioni. Na udhaifu ukipanda ndani ya siku chache, ukashindwa kumeza, kupumua au kukojoa, au upande mmoja wa mwili ukalegea, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

SWALI: Kijana wangu wa miaka 19, hapa Mbozi, husikia harufu ya kitu kinachoungua ambayo sisi hatuisikii, kisha anakodoa macho kama dakika moja hajibu. Majirani wanasema kalogwa. Tunafuga nguruwe.

JIBU: Baba, hajalogwa. Dalili hizi zinafanana na kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo, na kwake siti skani inastahili fedha. Chanzo kimojawapo huku kwetu ni tegu wa nguruwe: mayai yake, yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, humezwa kupitia mikono au mboga zisizooshwa, na mabuu hukaa ubongoni. Hata asiyeonja kitimoto huyapata. Msimpe dawa za minyoo, albendazo wala prazikwanteli, kabla ya picha. Mabuu yakifa kwa pamoja ubongo huvimba na degedege huweza kuanza. Mrekodini kwa simu hali hiyo ikimjia, mkamwonyeshe daktari. Hadi aonwe, asiendeshe bodaboda wala kukaa peke yake karibu na moto.