Taa ya eabegi kuwaka kwenye Toyota Ist ya 2004

Kaka, umeuliza kuhusu taa ya eabegi (mifuko ya hewa inayokukinga wakati wa ajali) isiyozima kwenye Ist yako. Huyo fundi wako anayetaka kung'oa balbu ya taa ili isionekane, mkimbie. Taa ikibaki inawaka maana yake mfumo una hitilafu na huenda umejizima, na siku ya ajali mifuko inaweza isifunguke kabisa.

Umesema na honi nayo imekufa. Hapo mimi ningeanza na ule utepe wa nyaya unaojikunja ndani ya usukani, maana umeme wa honi na wa eabegi ya dereva hupita humo, na kwenye gari la umri huo huwa unakatika. Kama sio huo, angalia soketi za njano chini ya viti. Ukisukuma kiti mara kwa mara au ukiosha zulia, zinalegea.

Fundi apime kwa mashine inayosoma mfumo wa eabegi, sio ya injini peke yake. Kabla ya kugusa chochote toa waya hasi wa betri, usubiri dakika 3. Na tafadhali, asiipime eabegi yenyewe kwa mita, inaweza kulipuka usoni.

Ukipata nafasi, ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya Toyota Japani uone kama gari lako limo kwenye yaliyoitwa na kiwanda yarudishwe kurekebishwa kwa ajili ya eabegi mbovu za kampuni ya Takata.