Kisanduku cha barua nje ya geti Jambiani

Waalaykum salaam ndugu yangu. Nimekufahamu, wataka kuweka kisanduku kipya cha barua nje ya geti lako hapo Jambiani, Zanzibar, mana'ke cha mwanzo kimeliwa na kutu, nguzo ikalala. Ila huku barua za posta zinaishia sanduku la posta, hicho cha getini kitakufaa kwa bili na vikaratasi vya majirani, la mjini usilifunge.

Mie changu kiliangushwa na upepo wa kusi msimu mmoja tu mana'ke nilichimba shubiri mbili nikagonga jiwe nikaridhika, uvivu huo. Wewe chukua mtaimbo livunje mpaka futi mbili, tia boriti ya mkandaa (mti wa mikoko), pigilia misumari kadhaa ile sehemu ya chini ibaki imechomoza ishike zege, halafu zege moja kwa mbili kwa nne, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mchanga wa pwani usitumie, chumvi itaila hiyo misumari. Kisanduku cha plastiki au mbao, bati hapana, na mdomo ugeuze magharibi mvua ya upepo isiingie.

Kama hujui waya wa umeme na bomba la maji vimepita wapi usipige mtaimbo, mwite fundi kwanza. Na ikiwa ni nje ya ukuta njiani, muone sheha, kiongozi wa shehia yenu, kabla.