Jibu: hiyo 98% kwenye cheti haikuambii una peptaidi kiasi gani

Mkuu, umeuliza ununue wapi peptaidi (minyororo mifupi ya asidi amino, kama vipande vya protini) za maabara ukiwa Dar, na kama yule muuzaji wa Instagram mwenye vichupa vya miligramu 5 "usafi 98%" anafaa. Mimi naagiza kwa ajili ya maabara ya chuo miaka kadhaa sasa, na nimeshaumia mara mbili.

Nianze na hiyo 98%. Kichupa changu cha kwanza kilikuwa hivyo hivyo, miligramu 5, nikapiga hesabu kana kwamba zote ni peptaidi. Miezi miwili nahangaika na seli, nalaumu seli, nalaumu pipeti, nikamlaumu hadi kijana wa mafunzo kwa vitendo. Siku moja nasoma karatasi za mzigo vizuri, nakuta mstari chini kabisa: kiasi halisi cha peptaidi 68%. Yaani nilikuwa na miligramu 3.4. Usafi unalinganisha peptaidi yako na peptaidi nyingine zilizokosewa wakati wa kutengeneza. Maji na chumvi ya TFA (asidi inayobaki kutoka kiwandani) inayong'ang'ania asidi amino kama lisini na ajinini havimo kwenye hesabu ile, ila kwenye mizani vimo. Na kama unalisha seli, omba wakubadilishie TFA iwe asetati, maana TFA inaweza kuzisumbua.

Hizo zilizokosewa zinatoka wapi? Tangu mkemia Merrifield aonyeshe njia yake mwaka 1963 (ilimpa Nobel 1984), mnyororo unajengwa juu ya chembe za resini, asidi amino moja baada ya nyingine. Hata kila hatua ikifanikiwa kwa 99%, ukifika asidi 30 umebaki na kama 75% tu ya minyororo iliyokamilika. Iliyobaki ni ndugu wa karibu, mmoja karuka glisini, uzito umepungua 57, kwa macho unga ni ule ule mweupe. Ndiyo maana nadai grafu ya HPLC (kipimo kinachotenganisha vilivyomo) pamoja na kipimo cha uzito wa molekuli, vyote vya toleo lile lile lililo kwenye kichupa changu. Wengine wanatuma grafu moja kwa wateja wote.

Usilipie usafi usioutumia. Kuchanja sungura upate kingamwili, 70% na kuendelea inatosha. Kupima kasi ya kimeng'enya, nenda 95%.

Kununua: agiza moja kwa moja kwa kiwanda kinachotengeneza kwa mfuatano unaoutaka, kupitia manunuzi ya chuo. Ongea na wakala wa forodha kabla mzigo haujapanda ndege, awe na ankara na barua ya taasisi inayosema ni ya utafiti. Barafu kavu sikulipia tena, unga mkavu unavumilia siku kadhaa za safari.

Kinachouua ni Dar yenyewe. Mwezi wa tatu, unyevu unajua mwenyewe, nikatoa kichupa kwenye friza ya -20 nikakifungua hapo hapo. Unga ukanywa maji nikiutazama, ukanata ukutani kama sukari ya jana. Ulikuwa na sisteini, asidi amino inayooksidika upesi, baada ya wiki mbili ulikuwa umeshaoksidika. Siku hizi kichupa kinakaa saa nzima kwenye mtungi wa silika inayofyonza unyevu, kimefungwa, mpaka kipate joto la chumba. Nikishayeyusha nagawa vichupa vidogo vya matumizi ya siku moja moja, kwa sababu kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara (na umeme wetu huu) kunaiharibu peptaidi.

Kuhusu muuzaji wako, nilimtumia ujumbe jana nikaomba namba ya toleo na grafu zake. Akanijibu, "Kaka, wewe unajichoma sindano asubuhi au usiku?"