Mkono bandia kwa bei nafuu: maswali ya wasomaji

SWALI: Shikamooni. Klabu yetu ina printa ya 3D. Tunataka kumtengenezea mkono mwanafunzi wa darasa la tano aliyezaliwa bila vidole vya mkono wa kushoto. Kiganja anacho, na kifundo kinakunjika. Tumepakua muundo wa mkono uitwao Phoenix, wa e-NABLE, mtandao wa watu wanaojitolea kuchapa mikono bandia. Tuuchape kwa ukubwa gani?
Klabu ya Sayansi, Morogoro

JIBU: Marahaba. Kabla ya ukubwa, mwulizeni yeye mwenyewe anataka kufanya nini. Mkono huu unashika mpira na kikombe cha plastiki. Kubeba ndoo hauwezi, na chai ya moto usiiguse. Kama anataka kuendesha baiskeli tu, tengenezeni kishikio cha usukani.

Kama ni Phoenix kweli, pimeni kifundo kinakunjika kiasi gani. Mvaaji akikikunja, kamba hukazika na vidole hufumba; akikinyoosha, lastiki huvifungua. Kifundo kisichofika digrii 30 hivi hakivuti kamba vya kutosha.

Pimeni kiganja mahali penye upana zaidi, ongezeni milimita 6 (sponji ya milimita 3 kila upande), kisha gawanyeni kwa upana wa ndani wa kiganja cha muundo ukiwa kwenye asilimia 100. Tuseme mtoto ana milimita 62 na muundo una 55: 68 kugawa kwa 55 ni 1.24, basi chapeni vipande vyote kwa asilimia 124. Hapa wengi husahau kwamba matundu nayo yanakua. Tundu la boliti ya milimita 3 linakuwa milimita 3.7 na boliti inacheza. Litoboeni kwa keekee ya milimita 4, mtie boliti ya milimita 4.

Vidole vichapeni vikiwa vimelala. Vikisimama, tabaka za plastiki hukata kidole kwa upana, na hapo ndipo kinapovunjika. Pigeni msasa viungo mpaka kidole kisicho na lastiki kianguke chenyewe mkiinua kiganja. Kamba iwe mshipi wa kuvulia uliosukwa. Ule wa nailoni wa uzi mmoja hurefuka. Fungeni kamba zote kifundo kikiwa kimenyooka na vidole wazi. Kidole kimoja kikiwahi kugusa kitu, kinazuia mwendo wa kifundo na vingine vinabaki wazi, kwa hiyo kilegezeni hicho kilichowahi. Plastiki huteleza, basi visheni ncha kwa mpira wa tyubu ya baiskeli.

PLA, plastiki ya kawaida ya printa za 3D, hulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi. Ndiyo maana kipande cha kufunika mkono huchapwa bapa, kikachovywa kwenye maji ya moto na kukunjwa. Kikunjieni kwenye chupa yenye mzingo unaolingana, kamwe si kwenye ngozi ya mtoto. Na mkono ukisahauliwa ndani ya gari lililofungwa juani, utapinda.

SWALI: Asalaam aleikum. Binti yangu wa miaka 9 hana mkono kuanzia chini kidogo ya kiwiko. Wanafunzi walimchapia mkono mzuri, lakini umekaa kabatini. Anachotaka ni kula kwa kijiko na kushika rula.
Mama, Tanga

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Binti yako ameshasema anachohitaji, na hakuna kidole ndani yake. Anahitaji mkanda, na fundi viatu anaweza kuushona.

Chukua ukanda wa begi wa upana wa sentimita 2.5, velkro, ngozi laini na sponji ya milimita 3. Pima mzunguko wa mkono pale mkanda utakapokaa, ongeza sentimita 8 za kufungia. Juu yake fundi ashone mfuko wa ngozi wa sentimita 8, uliobana kiasi kwamba mpini wa kijiko uingie kwa kusukumwa. Mfuko ukiwa mpana, kijiko kinazunguka na uji unamwagika. Akiwa amekaa mezani, kipinde kijiko shingoni kidogo kidogo, hadi kifike mdomoni bila yeye kuinua bega.

Mkanda mmoja utateleza, kwa kuwa mkono unazidi kuwa mwembamba kuelekea mwisho. Weka wa pili juu ya kiwiko, uunganishe na wa kwanza kwa vipande viwili vya lastiki ubavuni, ili kiwiko kikunjike. Ndani ya ule wa mbele shona utepe wa tyubu wa sentimita 1 tu. Ukiuzungushia mpira mkono mzima, jasho hukosa pa kutokea na ngozi huchubuka.

Siku ya kwanza avae dakika 15, kisha mvue. Wekundu hauonekani kwa urahisi kwenye ngozi nyeusi, basi gusa kwa mgongo wa vidole: palipo na joto au ugumu kuliko pembeni pamebanwa. Alama isiyoondoka ndani ya dakika 20 inataka sponji zaidi au mkanda ulegezwe.

Rula haihitaji mkanda. Bandika utepe wa mpira chini yake na kijiti cha mbao juu. Ataikandamiza kwa mkono wake.

SWALI: Jirani yetu amekatwa mguu juu ya goti. Tunaweza kumchapia mguu?
Wanafunzi wa ufundi, Mombasa

JIBU: Hapana. Mguu hubeba mwili mzima, ukivunjika mtu anaanguka, na soketi (kikombe kinachoingia kisiki cha mguu) isiyokaa sawa huleta vidonda. Hiyo ni kazi ya mtaalamu wa viungo bandia, kama wale wanaofundishwa kwenye chuo cha TATCOT mjini Moshi. Hata wanafunzi wa Stanford waliobuni goti la bei nafuu la nailoni walifanya kazi na kliniki ya Jaipur, India.

Mnachoweza ni bafu lake. Fungeni ukutani bomba la chuma la kushikilia, la kipenyo cha milimita 32 hadi 38, kimo cha sentimita 85 hadi 90 kutoka sakafuni, likiachana na ukuta kwa sentimita 4. Tumieni boliti za kupanuka, zishike tofali lenyewe na si plasta. Kabla hajaligusa, mtu mzima mzito alivute kwa nguvu zake zote.