Mgeni asiyealikwa darasani

SWALI: Nafundisha hisabati jioni kwa Zoom. Juzi mtu tusiyemjua aliingia akaonyesha picha chafu, na mkutano una nenosiri. Alipitia wapi?
Mwalimu, Umoja, Nairobi

JIBU: Mwalimu, kwa kawaida nenosiri limo ndani ya kiungo chenyewe. Ukikituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, yeyote atakayesambaziwa amepata vyote viwili. Na kama unatumia namba yako binafsi ya mkutano, hiyo haibadiliki: aliyeipata Januari ataingia hata Novemba. Unapopanga kipindi, chagua namba mpya itengenezwe, kisha washa chumba cha kusubiri, ambamo kila anayekuja hungoja umruhusu. Hapo ndipo penye kinga hasa, mradi usimkaribishe kila anayebisha hodi. Anayejiita “Samsung” abaki nje hadi aandike jina lake na namba ya usajili, hata kama ni simu ya mamake.

Skrini ionyeshwe na mwenyeji pekee. Unaweza pia kufunga mlango wa mkutano wanafunzi wote wakishaingia, ila stima ikipotea, aliyetoka hatarudi mpaka ufungue.

Fujo ikizuka usianze kumsaka mhusika. Bonyeza kitufe cha kusitisha shughuli za washiriki: kamera, sauti na skrini zote huzimika kwa mpigo. Mtoe baadaye.