Maneno ya Riadha Ambayo Kila Mzazi wa Mwanariadha Mdogo Anapaswa Kuyaelewa

Msimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na za sekondari Tanzania, unapofika, mzazi aliyesimama pembeni mwa uwanja husikia maneno mengi yanayoamua matokeo ya mwanawe, na mara nyingi hakuna wa kumfafanulia. Nimewasindikiza wanangu wawili kwenye mashindano ya shule kwa miaka kadhaa, na nimeona kwamba manung'uniko mengi dhidi ya walimu na waamuzi hutokana na kutofahamu taratibu, wala si na upendeleo.

Jambo linalozua maneno zaidi ni mchujo. Wakimbiaji wakizidi idadi ya njia, hugawanywa katika makundi, na wasimamizi hupanga mapema ni wangapi watakaofuzu kwa nafasi na wangapi kwa muda. Ikiwa anayefuzu kwa nafasi ni mshindi wa kila kundi peke yake, mtoto aliyemaliza wa tatu katika kundi lenye kasi anaweza kuingia fainali, huku wa pili wa kundi lililokimbia polepole akibaki nje. Kwenye karatasi ya matokeo, Q kubwa humwonyesha aliyefuzu kwa nafasi, na q ndogo aliyefuzu kwa muda. Kwa hiyo mwalimu anapomkataza mtoto kulegeza mwendo karibu na utepe, hata kama hawezi tena kumpata aliye mbele yake, ana sababu ya msingi.

Muda wenyewe nao unahitaji uangalifu. Mashindano yetu mengi ya shule hupimwa kwa saa ya mkono, na mpima muda anatakiwa kuibonyeza anapoona moshi au mwako wa bastola, si anaposikia mlio, kwa kuwa sauti huchukua karibu sekunde 0.3 kusafiri mita 100. Hata akifanya hivyo sawasawa, jicho na kidole huchelewa kidogo mwanzoni, na mtoto huonekana mwepesi kuliko alivyo. Wataalamu wanapolinganisha matokeo ya mbio fupi, kwa kawaida huongeza sekunde 0.24 kwenye muda wa saa ya mkono. Binti aliyepewa 12.9 wilayani, kisha akapata 13.10 mbele ya mitambo ya umeme ya kupima muda, hajarudi nyuma hata kidogo, na inaniuma kumwona mtoto wa namna hiyo akilaumiwa njiani kurudi nyumbani.

Kwenye mita 100, mita 200, kuruka chini na miruko mitatu, upepo pia huandikwa. Ukisukuma kutoka nyuma kwa zaidi ya mita 2.0 kwa sekunde, matokeo hayakubaliki kama rekodi, ingawa mshindi hubaki na medali yake. Mkenya Ferdinand Omanyala alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 jijini Nairobi mwaka 2021, upepo ulikuwa mita 1.2 kwa sekunde, na rekodi ya Afrika ikakubaliwa.

Katika kuruka chini, usitazame mtoto alipotua tu. Kipimo huanzia kwenye mstari wa ubao wa kurukia, upande wa mchanga, hadi alama iliyo karibu zaidi na ubao huo ambayo mwili wake umeiacha kwenye mchanga. Aliyeruka sentimita 20 kabla ya mstari amezipoteza zote, na aliyeegemea mkono nyuma alipotua hupimwa hapo mkono ulipogusa. Akiuvuka mstari wakati wa kuruka, bendera nyekundu hupandishwa, na jaribio hilo huandikwa X.

Mbio za mita 400 huwatia hofu wazazi kwa sababu wanaona wakimbiaji wakianzia sehemu tofauti. Njia za nje ni ndefu zaidi kwenye kona, hivyo wa njia ya nane huanzia takriban mita 53 mbele ya wa njia ya kwanza, na wote humaliza umbali uleule.

Makundi ya umri nayo yana hesabu yake. Kwa kanuni za kimataifa, kundi la chini ya miaka 18 ni la anayetimiza miaka 16 au 17 kufikia tarehe 31 Desemba ya mwaka wa mashindano. Umri ndio unaoamua uzito wa vifaa: tufe la mvulana wa kundi hilo lina kilo 5, la mwanamume mzima kilo 7.26, na la msichana wa kundi hilo kilo 3. Mzazi akiona mwanawe anafanyishwa mazoezi ya kila siku kwa tufe la wakubwa, ana haki ya kumuuliza mwalimu kwa heshima, kwani bega la mtoto bado linakua.

Ninachowashauri wazazi wenzangu ni kuwa na daftari. Kila baada ya mashindano, andika tarehe, mchezo, matokeo, aina ya saa iliyotumika, upepo kama ulipimwa, na uzito wa kifaa. Mwalimu mpya akimpokea mtoto, mpe daftari hilo kabla hajampangia mazoezi.